Wakili wa Mji

Mazungumzo yaliyotolewa Njukini mbele ya waumini na wanaharakati wa mageuzi. Tunayachapisha kwa manufaa ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.



Mlinialika nizungumze juu ya kazi ya meneja wa mji. Nilipofika asubuhi, mzee mmoja aliyeketi karibu nami aliuliza kwa upole, “Mwanangu, hapa kwetu hakuna mji. Huyo meneja utamweka wapi, katikati ya migomba?” Nilicheka, lakini nimeona kwamba swali lake ndilo mlango wa mazungumzo yangu.

Ni kweli, Njukini si mji. Ni nchi ya maji na migomba, chini ya Kilimanjaro, na mpaka wa Tanzania uko mlangoni petu. Lakini kila Jumatano na kila Jumamosi, mkungu wa ndizi uliokatwa katika mashamba haya ya mifereji hupakiwa garini kwenda soko la Taveta. Pale sokoni mama hutoa ushuru kabla hajauza hata kidole kimoja cha ndizi. Hupewa risiti, akaikunja, akaifunga katika pindo la leso pamoja na nauli ya kurudia. Tangu dakika ile, ndugu zangu, mama yule ni mwajiri. Kwa fedha yake hulipwa mfagiaji, askari wa soko, mhasibu na yule ofisa mkuu anayetia sahihi ili vibanda viezekwe, vyoo vijengwe na takataka ziondolewe. Vyoo visipojengwa, mama yule ana haki ya kuuliza. Lakini amwulize nani?

Sisi wapenda mageuzi tumezoea kuwajua viongozi wa kuchaguliwa. Tunamjua diwani wa jana na mwakilishi wa wadi wa leo; tunamjua mbunge; tunamjua gavana. Lakini yule ofisa mwenye kalamu, asiyepigiwa kura wala kuimbiwa nyimbo, hatumjui hata kwa sura. Nimekuja kuwaeleza kwamba tusipomjua yeye, na tusipojua anamwogopa nani, tutaendelea kubadilisha manahodha huku ghala la jahazi likivuja.

Cheo kilichomo katika Maandiko

Kazi hii si ngeni. Mwishoni mwa Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anapotuma salamu, anamtaja mtu aitwaye Erasto, na Biblia yetu ya Kiswahili inamwita wakili wa mji. Siku hizi tukisikia “wakili” twafikiri ni mwanasheria wa mahakamani. Zamani neno hilo lilikuwa na maana pana zaidi: ni mtu aliyekabidhiwa mali isiyo yake, aitunze kwa niaba ya mwenyewe, na siku akiulizwa atoe hesabu. Ndivyo alivyokuwa yule wakili wa mfano wa Bwana Yesu katika Luka sura ya 16, aliyeitwa na tajiri wake aeleze mali imekwendaje.

Tazameni basi mambo matatu yaliyomo katika neno hilo: kuna mali, kuna mwenye mali, na kuna siku ya hesabu. Ukiondoa la pili, wakili hujifanya mwenye mali. Ukiondoa la tatu, mali huliwa. Wazee wetu wa pwani walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Historia ya miji yetu ya Kenya, kwa sehemu kubwa, ni historia ya kumtafuta mwenye mali ni nani.

Karani wa zama za Waziri

Kabla ya mwaka 2013 ofisa huyu aliitwa karani wa mji, au karani wa baraza. Wilaya hii ilikuwa na mabaraza matatu: la kaunti ya Taita Taveta huko Wundanyi, la manispaa ya Voi, na la mji wa Taveta. Nchi nzima ilikuwa na mabaraza 175. Kwa nje yalionekana kuwa serikali za wananchi, kwa kuwa madiwani walichaguliwa. Kwa ndani mambo yalikuwa mengine.

Mwaka 1969 Bunge lilipitisha sheria iliyoyanyang'anya mabaraza ya kaunti elimu ya msingi, afya na barabara, na kuvipeleka Nairobi. Yaliyobaki yalikuwa masoko, mabuchari, leseni na viwanja. Bajeti ya baraza haikuwa halali mpaka Waziri wa Serikali za Mitaa aikubali. Sheria ndogo hazikuwa na nguvu mpaka yeye azipitishe. Na karani mwenyewe hakuwa mtumishi aliyechaguliwa na watu wa mji ule. Alikuja kwa barua kutoka juu, na kwa barua kutoka juu akaondoka.

Naomba niwasimulie niliyoyaona kwa macho yangu. Katika ujana wangu nilikuwa mwandishi mdogo wa ofisini katika baraza moja ambalo sitalitaja. Karani wetu alikuwa mtu wa makamo, mkimya, aliyekuja kazini na chai yake katika chupa. Siku moja ililetwa barua ya kugawa kiwanja kilichokuwa kando ya soko, kiwanja ambacho ramani ilionyesha kuwa ni cha vyoo vya umma. Simu ilipigwa. Nilimsikia akijibu, “Mheshimiwa, hicho ni cha umma.” Simu ikapigwa tena siku ya pili, naye akajibu vivyo hivyo. Wiki iliyofuata ililetwa barua ya uhamisho. Aliondoka na sanduku lake la bati na chupa yake ya chai, na hapakuwa na mtu hata mmoja wa mji ule aliyemsindikiza. Wala si kwa uovu: hawakujua. Aliyekuja badala yake alitia sahihi kabla hajapata nyumba ya kulala.

Kwa miaka mingi nilimlaumu yule wa pili. Leo najilaumu mimi pia, na kuulaumu mji mzima. Mtu wa kwanza alisimama peke yake akilinda mali ya watu wasiojua kwamba ilikuwa yao.

Kama baraza dogo lilitendewa hivyo, jiji lenyewe halikusalimika. Mwezi Machi 1983 Serikali ililivunja Baraza la Jiji la Nairobi kwa madai ya usimamizi mbaya, ikaweka tume ya kuteuliwa. Ilisemwa ni kwa muda. Muda huo ulirefushwa mwaka baada ya mwaka hadi 1992, na kwa miaka 9 wakazi wa mji mkuu hawakuwa na diwani hata mmoja. Kifungu cha 2A, kilichoifanya Kenya kuwa nchi ya chama kimoja tangu 1982, kilifutwa Desemba 1991. Watu wa Nairobi walikuja kuchagua madiwani tena katika uchaguzi mkuu wa Desemba 1992, ule wa kwanza wa mageuzi. Hapo ndipo tulipoona kwamba vita vya vyama vingi na vita vya kuondoa takataka sokoni ni vita vimoja.

Sifa za Nairobi na mwisho wake

Lakini ndugu zangu, tusidhani kwamba vyama vingi pekee vilitosha. Nawaletea habari ya marehemu John Gakuo, aliyekuwa karani wa jiji la Nairobi katika miaka ya 2000, baada ya utawala wa KANU kuondoka.

Bwana Gakuo alikuwa mchapa kazi. Katika siku zake bustani zilipandwa maua, barabara za katikati ya jiji zikafagiliwa, wachuuzi wakaondolewa mitaani, na soko la Muthurwa likafunguliwa mwaka 2008 ili wapate mahali pa kuuzia. Wachuuzi wengi walilalamikia mkono mzito wa askari wa jiji, nao walikuwa na haki ya kulalamika. Hata hivyo wakazi wengi walimsifu, wakasema Nairobi imepata mwenyewe.

Kisha ukaja ununuzi wa ardhi ya makaburi. Makaburi ya Lang'ata yalikuwa yamejaa, na jiji lilihitaji mahali pa kuzikia watu wake. Baraza lilinunua ekari 120 huko Mavoko kwa shilingi milioni 283, bei iliyozidi thamani ya ardhi ile mara nyingi. Tena ikaonekana kwamba ardhi yenyewe ilikuwa ya mawe, isiyofaa kuchimbwa kaburi. Mwezi Mei 2018 mahakama ya kesi za ufisadi ilimpata Bwana Gakuo na hatia pamoja na wenzake, akahukumiwa kifungo cha miaka 3. Mwezi Oktoba mwaka huo huo alifariki dunia akiwa bado anatumikia kifungo.

Siisemi habari hii ili kumcheka marehemu. Nasema kwa sababu inatufunza jambo gumu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Lakini wanaomsifu mgema bila kuonja tembo, je, hawana lao? Jiji lilitazama maua, halikutazama daftari. Mkataba wa mamilioni ulipita mikono mingi, na mwananchi ambaye angelazwa katika kaburi lile hakuwa na mahali pa kuuliza bei mpaka fedha zilipokwisha kutoka. Mtu hodari asiyeulizwa anaweza kuangamia sawasawa na mtu mlegevu asiyeulizwa. Kumwuliza maswali wakili wa mji si kumchukia. Ni kumwokoa.

Mafuriko ya Dayton

Katika nchi nyingine kazi hii imekua kuwa taaluma kamili. Mwaka 1908 mji mdogo wa Staunton, katika jimbo la Virginia huko Marekani, uliajiri meneja mkuu wa kusimamia shughuli zake. Kisha Machi 1913 mji wa Dayton, jimbo la Ohio, ulikumbwa na mafuriko makubwa yaliyoua mamia ya watu katika eneo lile, na wakazi wakaona kwamba siasa za kugawana vyeo haziwezi kuujenga upya. Walibadilisha katiba ya mji wao: watachagua halmashauri ndogo, nayo halmashauri itamwajiri meneja kwa ujuzi wake, na itaweza kumwachisha kazi akishindwa. Mwaka 1914 walimleta mhandisi Henry Waite, ambaye hakuwa mwenyeji wa pale.

Mwaka huo huo mameneja wa miji waliunda chama chao cha taaluma, na mwaka 1924 wakajiwekea kanuni za maadili. Hadi leo kanuni zao zinamkataza meneja kujiingiza katika kampeni za wale wanaomwajiri. Mantiki yake ni rahisi: aliyekupigia debe atadai malipo, na malipo yake hayatatoka mfukoni mwako, yatatoka sokoni.

Tuliyopewa na Katiba

Sasa turudi kwetu. Katiba ilizinduliwa tarehe 27 Agosti 2010. Kifungu cha 184 kiliagiza itungwe sheria ya miji, nayo ikatungwa mwaka 2011. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013 mabaraza yote yalikoma, serikali za kaunti 47 zikashika hatamu, na karani wa mji akaondoka katika historia. Mahali pake sheria iliweka bodi ya jiji au ya manispaa, na chini ya bodi, meneja.

Sikilizeni vizuri jinsi sheria ilivyopanga. Meneja apatikane kwa ushindani, kupitia Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti. Awe na shahada ya chuo kikuu na uzoefu katika utawala au usimamizi. Atekeleze maamuzi ya bodi, na kwa bodi ndiko atoe hesabu. Na ndani ya bodi ile pawepo wajumbe waliopendekezwa na vyama vya wataalamu, na wafanyabiashara, na watu wa jua kali na wachuuzi, na vyama vya wakazi wa mitaa. Mwaka 2019 sheria ilirekebishwa, na idadi ya watu inayotakiwa ili mji uwe manispaa ikateremshwa kutoka 250,000 hadi 50,000, hivyo miji ya kadiri yetu ikapata mlango.

Tena Katiba, katika kifungu cha 236, inamlinda mtumishi wa umma asiadhibiwe kwa kutimiza wajibu wake kwa mujibu wa Katiba. Nikikisoma kifungu kile namkumbuka yule karani wangu mwenye chupa ya chai. Laiti kingekuwapo siku zile!

Lakini sheria ni kama mfereji: ukichimbwa na kuachwa, hujaa mchanga. Hatari ya kwanza ni ukaimu. Kuna miji ambayo meneja wake amekaa kwa miaka akiitwa kaimu. Hata jiji la Kisumu limepitia hali hiyo. Mtu aliye kaimu kila asubuhi humtazama aliyemweka usoni, aone kama bado anapendwa. Huyo hata awe mwadilifu namna gani, yumo katika sanduku la bati la zamani.

Hatari ya pili ni bodi kujazwa marafiki. Viti vya wachuuzi na vya wakazi vikikaliwa na watu wasiowahi kuuza nyanya wala kuhudhuria mkutano wa mtaa, bodi itakuwa muhuri tu.

Hatari ya tatu inatuhusu sisi wenyewe, nami nitaisema hata kama haitapendeza. Ni pale tunapouliza, “Je, huyo meneja ni wetu?” Mtaita auliza hivyo, Mtaveta auliza hivyo, na ndugu zetu waliohamia huku nao wauliza. Waziri wa zamani aliuliza swali lile lile! Tukimpigania mtu kwa sababu ya ukoo au dhehebu lake, hatutakuwa na ulimi wa kumwuliza atakapokosea. Dayton walimleta mgeni, wakamwuliza hesabu. Mwanangu mwenyewe akipewa ghala, afadhali nimwombe ufunguo wa daftari kabla sijampa baraka.

Na kama mnadhani jambo hili ni letu peke yetu, tazameni ng'ambo ya mpaka, Rombo, ambako tuna jamaa na masoko. Huko halmashauri huongozwa na mkurugenzi, na wakurugenzi huteuliwa na Rais. Sheria iliwapa pia kazi ya kusimamia uchaguzi. Mwanaharakati Bob Chacha Wangwe alikwenda mahakamani kupinga jambo hilo. Mwezi Mei 2019 Mahakama Kuu ya Tanzania ikamkubalia. Mwezi Oktoba mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ikaitengua hukumu. Swali lao ni swali letu: ofisa aliyeteuliwa na mshindani mmoja aweza kuwa mwamuzi wa wote?

Yaliyo mikononi mwetu

Ndugu Mwenyekiti, sitaki tuondoke hapa tukiwa tumepata elimu tu. Naomba tufanye mambo manne.

La kwanza, tutunze risiti. Kila mama anayelipa ushuru asitupe karatasi ile. Makanisa yawe na kijana mmoja wa kukusanya na kujumlisha, ili tujue kwa mwezi watu wa Njukini wametoa kiasi gani. Anayejua alichotoa huuliza kwa sauti nyingine. Na palipo na malipo bila risiti, tukatae kulipa hadi iandikwe.

La pili, tuombe hati kwa maandishi. Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya kupata habari, na sheria ya mwaka 2016 inampa ofisa siku 21 za kujibu. Akinyamaza, tupeleke malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Tuombe bajeti ya soko, tuombe mkataba wa takataka, tuombe ramani ya viwanja vya umma. Tuandike kwa adabu, tutaje tarehe, na tubaki na nakala.

La tatu, kiti cha bodi kikitangazwa, tusiwaachie wenye magari peke yao. Vyama vya akina mama wa soko na vya wakulima viandikishwe mapema, vipate haki ya kupendekeza mtu. Na siku ya usaili wa meneja, tuulize hadharani: nafasi ilitangazwa? Waliosailiwa ni wangapi? Aliyepata alizidi kwa nini?

La nne ndilo gumu kuliko yote. Siku tutakapomwona ofisa amesimama upande wa umma na kukataa kutia sahihi palipo na dhuluma, tusimwache aondoke peke yake. Wachungaji waliseme jambo lile mimbarani. Wazee waende ofisini kumpa mkono. Nehemia aliukagua ukuta wa Yerusalemu usiku akiwa na watu wachache. Lakini ukuta haukuinuka mpaka kila jamaa iliposhika sehemu yake mbele ya nyumba yake.

Yule mzee aliyeniuliza meneja atawekwa wapi, sasa namjibu. Baba, awekwe mahali ambapo mama anayetoka sokoni na pindo la leso lake anaweza kumfikia, kufungua fundo, kuweka risiti mezani na kusema: “Nimekuja kuuliza.” Naye meneja avute kiti, amketishe, afungue daftari.

Mungu awabariki watu wa Njukini, na Mungu aibariki Kenya.